Milango ya Nchi ya Ushukuru

Anayetaka kujua Kidawa Shemahonge alipita njia gani hadi akafika nchi ya Ushukuru na akamuulize mwenyewe. Mimi njia hainihusu. Alikwenda, akarudi, na yaliyomkuta huko ndiyo nitakayoyasema kama nilivyoyasikia kinywani mwake. Sitatia chumvi. Habari yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Kidawa alikuwa msimamizi wa nyumba ya hisani kwao, iliyojengwa karibu na hospitali kwa ajili ya akina mama wenye watoto njiti. Mtoto njiti hulazwa wiki nenda wiki rudi, na mama yake hana pa kulala ila kwenye baraza ya wodi, juu ya kanga yake. Kuta za nyumba zilikuwa zimesimama, bati limeshapigwa, lakini mlango hata mmoja haukuwapo. Na bwana ardhi alishasema, tena kwa upole, kwamba masika yakianza na nyumba bado i wazi, kiwanja kitarudi halmashauri wapewe watu wa kujenga ghala. Kwa hiyo Kidawa hakwenda Ushukuru kutembea. Alikwenda kutafuta milango, kufa na kupona.

Ushukuru, kama mlikuwa hamjui, ni nchi ambayo mali ni milango. Sarafu hawana, noti hawana. Tajiri wao ni mtu ambaye milango ya mvule imepangwa uani kwake hadi inagusa paa, na maskini wao ni mwenye mlango mmoja tu, ule anaoufunga akilala. Sifa yao nyingine ni kwamba wanatoa. Hakuna nyumba ya yatima wala ya wazee huko ambayo haijapewa milango mpaka imekosa pa kuiweka.

"Sheria zetu ni chache, mama," afisa wa mpakani alimwambia Kidawa. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya manjano, na uso wa mtu asiyegombana na yeyote. "Ukipewa kitu, shukuru. Usikitazame zaidi ya kupepesa jicho mara moja, maana kutazama ni kudadisi. Na usimuulize mtoaji alikokitoa. Hilo ni tusi. Adhabu yake ni kupiga magoti hadharani na kumwomba radhi uliyemtukana."

"Na nikitaka kujua tu?"

"Utataka," alisema yule afisa kwa huruma. "Itapita."

Kidawa akaingia mjini, na jambo la kwanza aliloliona lilimshangaza. Katika mji huo wenye milango mingi kuliko watu, nyumba karibu zote zilikuwa wazi. Mahali pa mlango pamening'inizwa kanga iliyopauka au gunia. Na watu wa nyumba hizo, wake kwa waume, kila mmoja ana ufunguo mkubwa wa chuma umefungwa uzi shingoni. Kidawa alidhani ni pambo la huko, akasema moyoni, basi kila nchi na urembo wake.

Mwenyeji wake alikuwa Bi Mahabuba, mlezi wa yatima katika nyumba iliyoitwa Nyumba ya Huruma. Sitaki mtu amcheke Bi Mahabuba. Alikuwa mwema wa kweli, si wa kuigiza. Alimpokea Kidawa kama dada aliyepotea, akampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na watoto wale wote walimwita mama, na walimaanisha. Kosa lake lilikuwa moja, nalo alifundishwa tangu utoto kwamba ndiyo adabu.

Nyumba yake ilijaa milango. Milango ukumbini, milango jikoni, milango imeegeshwa hadi msalani. Watoto walilala kwenye vijia katikati yake, wamejikunja.

"Mbona hamuitumii kununua vitanda?" Kidawa aliuliza.

"Si yetu yote, dada. Inapita tu." Bi Mahabuba alieleza kwa uso mkunjufu, kama mtu anayemweleza mgeni mapishi. Mtoaji huleta milango. Mshukurishaji Mkuu wa nchi huja na bakuli lake la manjano, akaupaka kila mlango alama. Mlango ukishapakwa, umeshukuriwa, na mlango ulioshukuriwa haudaiwi na mtu yeyote, milele. "Halafu mara nyingi mtoaji hugundua kwamba huruma ilimzidi, ametoa kupita uwezo. Basi anaomba iliyozidi irudi."

"Kwake?"

"Hapana, kwake itakuwa aibu. Tunaipeleka kwa shemeji yake, au kwa rafiki yake wa mji wa pili. Sisi tunabaki na michache. Ni haki, au siyo?"

Kidawa akageuza mazungumzo, akauliza habari za zile funguo shingoni.

"Ah, wale wameibiwa," alisema Bi Mahabuba, kama mtu asemaye wale wana mafua. "Mlango ukiibiwa, ufunguo si unabaki? Wanatembea nao."

"Na milango yao iko wapi?"

Bi Mahabuba alimziba mdomo kwa kiganja kilichonukia kitunguu. "Usiniulize hivyo, nakuomba! Yuko muuza kahawa mmoja, anaitwa Tindwa. Amepigishwa magoti mara mbili kwa kosa la kuutambua mlango wake."

Siku iliyofuata alikuja Bwana Marashi, mtoaji mkubwa kuliko wote Ushukuru. Harufu ya mawaridi ilitangulia, yeye akafuata, kanzu nyeupe, mkono kifuani. Alikuwa na sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Nimesikia habari za watoto njiti, dada yangu," alisema, "nikalia. Mke wangu shahidi. Nimeamua kukupa milango, na si ya nyumba yako tu. Nitakupa ya kutosha kufunga mtaa wenu mzima."

Kidawa akaanza kuhesabu vyumba vyake kwa vidole. Hata mimi ningehesabu.

"Ila moyo wangu una kasoro moja," Bwana Marashi aliendelea, akitabasamu kwa haya. "Ukianza kutoa haujui kikomo. Sasa ikishapakwa manjano, wewe chagua unayoihitaji, mizuri kabisa. Itakayobaki, watu wangu wataipeleka kwa shemeji yangu mpakani. Wewe utasema tu kwamba imetoka kwenye nyumba yako ya hisani. Neno moja tu, na akina mama wako wanalala pakavu."

Akaondoka, na harufu yake ikabaki sebuleni hadi magharibi.

Sasa msimfanye Kidawa malaika. Alitaka kukubali. Alimkumbuka mama mmoja aliyemwacha pale barazani, akikamua maziwa yake kwenye kikombe ili mwanawe alishwe kwa mrija, huku manyunyu yakimpiga mgongoni naye amekiinamia kikombe kukikinga. Kichwa kikamwambia: chukua. Wewe huibi, wewe unapokea. Kama kuna dhambi, si yako, na hao wenye funguo hata majina yao huyajui. Alikaa na mawazo hayo, kisha akaenda jikoni kumsaidia mwenyeji wake kukuna nazi.

"Bi Mahabuba," alisema, "hujapata kujiuliza kwa nini mji huu ukizidi kutoa milango, nyumba zinazidi kuwa wazi?"

Mkono wa Bi Mahabuba ulisimama juu ya mbuzi ya nazi. "Nimepata," alisema polepole. "Nikaomba toba." Kisha machozi yakamlengalenga. "Nikiuliza hawataleta tena. Hawa watoto nitawalisha nini? Haya, niambie, ninyi kwenu mnafanyaje?"

"Kwetu hapokei mtu mmoja. Tunakaa watatu, maana mmoja ni rahisi kumtekenya. Tunamkaribisha mtoaji, tunamuuliza alikokipata. Mwenye cha halali hupenda kueleza, wewe! Atakueleza mpaka chai ipoe. Na akitaka arudishiwe, kinarudi kwa mkono ule ule ulioleta, mchana, watu wanaona. Hakuna cha shemeji."

"Na hawaudhiki?"

"Wako wanaoudhika wakaondoka na zawadi yao. Hao tunawashukuru kwa kuondoka."

Bi Mahabuba alicheka bila kutaka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea kukuna.

Siku ya kushukuru, uwanja ulifurika. Milango ya Bwana Marashi ilikuwa imepangwa katikati, mrundo wa kutisha, mvule na mkangazi na msaji. Wazee wa Baraza walikaa upande wa kivuli. Mshukurishaji Mkuu alisimama na bakuli lake la manjano, kidole tayari kimeshachovywa. Alichotakiwa Kidawa kilikuwa neno moja, "Nimeshukuru," na mambo yaishe.

"Nataka kushukuru," alisema Kidawa. "Ila naomba kwanza nijue. Bwana huyu, milango hii ameitoa wapi?"

Lo! Uwanja ulivuma. Mwanamke mmoja alizimia, au alijifanya, maana aliangukia mahali palipotandikwa mkeka. Wazee wa Baraza wakajadiliana pale pale kwa utaratibu wao, kila mmoja akipewa nafasi. Wa kwanza alisema kuuliza ni aina ya wizi, kwa kuwa kunamnyang'anya mtoaji raha yake. Wa pili, ambaye ni mtu wa suluhu, alipendekeza swali liruhusiwe ila jibu likatazwe, ili pande zote mbili ziheshimiwe. Wa tatu aliona swali lihifadhiwe mahali pazuri hadi mtoaji afe. Pendekezo hilo lilikaribia kupita.

Bwana Marashi aliinua mkono. "Nimemsamehe," alisema kwa ile sauti yake. "Mgeni huyo. Apakiwe milango yake tu aende."

"Sheria ni sheria," alisema Mshukurishaji Mkuu. "Magoti kwanza."

Kidawa aliangalia ardhi alipotakiwa kupiga magoti, ardhi ya vumbi tu. Akafikiria safari yote ile, na mawingu ya masika, na aibu ya kurudi mikono mitupu. Hasira ikampanda, nayo ndiyo iliyomsaidia, maana hofu ilipoona hasira inakuja ilimpisha.

"Magoti nitapiga," alisema. "Lakini mimi mgeni, nifundisheni jambo moja. Hapa Ushukuru iko sheria inayomkataza mtu kushukuru?"

"Haipo!" Wazee walisema wote kwa pamoja, wameudhika. "Wala haiwezi kuwepo!"

"Basi nisikilizeni. Namshukuru Bwana Marashi kwa kuileta milango hii hapa. Na sitaki kuishia hapo, nitakuwa mchoyo. Namshukuru na seremala aliyeipiga randa. Na kuliko wote namshukuru yule ambaye kila jioni aliufunga mlango huu, akalala akiwa salama. Bila yeye mlango huu nisingeuona. Nisipomshukuru huyo, nitakuwa nimevunja sheria yenu kubwa. Kama yupo, aje nimshike mkono."

Wazee walitazamana. Ikatafutwa sheria ya kumzuia, haikupatikana. Watu wengi mikono yao ilikuwa imepanda shingoni bila wao kujua.

Kisha mtu mmoja mwembamba akaweka chini dele lake la kahawa, akapasua umati, akafika mbele. Ndiye Tindwa.

"Ule wa pili kutoka juu," alisema, akiunyoshea kidole. "Wenye tumbuu ya komeo iliyopinda. Niliufunga mimi, na kabla yangu alikuwa akiufunga marehemu mke wangu, maana mimi nilikuwa msahaulifu."

"Utatuonyeshaje kwamba ni huo?" aliuliza Mshukurishaji Mkuu, na pale pale akaziba mdomo wake kwa ule mkono wenye manjano. Hakuwa amewahi kuuliza swali maishani. Watu waliona, na hakuna aliyempigisha magoti.

Tindwa alivua ufunguo. Wakaushusha mlango, akautia, akauzungusha. Kitasa kikaitika. Kilikuwa kimelowa kikakauka, kimekaa mikononi mwa wezi muda wote huo, na bado kilimjua mwenyewe.

Kidawa alimshika mikono yote miwili. "Nakushukuru, kaka yangu, kwa mlango wako," alimwambia, na Tindwa, ambaye alipopigishwa magoti hakutoa chozi, alilia mbele za watu, kamasi na yote. Nyuma yake ulishaanza mstari. Mjane. Mfinyanzi. Mwalimu wa madrasa. Bibi mmoja aliyebebwa mgongoni na mwanawe. Kila aliyefika Kidawa alimshukuru kwa jina lake, na kila mmoja aliondoka na mlango kichwani. Mpaka alasiri mrundo ulikuwa umekwisha, na habari ya magoti ya Kidawa hakuna aliyeikumbuka.

Bwana Marashi alisema hata yeye alidanganywa, kwamba alipewa na mtu. Alipoulizwa ni mtu gani, hakuwa na jibu, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kuhitaji kuwa nalo. Askari wawili walimsindikiza bila haraka. Mshukurishaji Mkuu alibaki na bakuli lake, hajui aliweke wapi. Bi Mahabuba alimpokea, akasema manjano mazuri kama yale atayatilia samaki.

Na Bi Mahabuba huyo huyo, aliporudi nyumbani, aliwaita wenye funguo waje watazame milango iliyokuwa kwake. Alisimama kizingitini akimwomba radhi kila anayeingia, sauti imemkauka. Jioni ukumbi ulikuwa mtupu, na watoto walijinyoosha sakafuni wakabiringika kama hawajawahi kuona sakafu. Tangu siku ile Nyumba ya Huruma inapokea kwa watu watatu, naye Tindwa ni mmoja wao, na nasikia anauliza maswali mpaka mengine hayana maana.

"Umenifilisi, dada," Bi Mahabuba alimwambia Kidawa, akambusu mkono. "Ahsante. Nilikuwa nimechoka kuwa mwema kwa macho yaliyofumbwa."

Lakini Kidawa mwenyewe je? Hakuwa na kitu. Alifunga mzigo wake asubuhi, na mbali kidogo radi ilishaanza kunguruma. Alikuwa na furaha na alikuwa na majonzi, vyote viwili vimekaa kifuani bila kugombana. Alifungua pazia atoke, akamkuta Tindwa amesimama na ubao begani.

"Mlango sikupi," alisema Tindwa, "nimeupata juzi tu. Huu ni ubao wa benchi la wateja wangu. Mkangazi. Nilipewa na seremala wa mtaa wa juu, akanywa kahawa yangu bure kiangazi kizima mpaka deni likaisha, na alikuwa mnywaji hasa. Uliza usichokielewa."

Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu kuliko ule wa uwanjani. Mjane ameleta bawaba alizoachiwa na mumewe mhunzi. Mfinyanzi ameleta ubao wa kuanikia vyungu, na historia yake tangu mti ulipoangushwa na upepo shambani kwa mjomba wake. Yule bibi alileta kitasa kidogo, akaeleza alivyokinunua kwa kuku, na kuku yule alikuwa na tabia gani. Hawakutaka kuharakishwa. Hawa ni watu ambao maisha yao yote hakuna aliyewahi kuwauliza chochote chao kilitoka wapi, na sasa walikuwa na kiu ya kusema. Kidawa alikaa kwenye kizingiti akasikiliza, akacheka, akauliza, akalia, akashukuru. Aliniambia kwamba hajawahi kupewa kitu kizuri kama asubuhi ile, hata kabla hajagusa ubao wowote.

Kwao, fundi aliziunga zile mbao akilalamika kwamba hakuna mbili zenye unene mmoja. Milango ikatoka ya rangi rangi, mwekundu hapa, wa kahawia pale, lakini imara. Ilipigwa bawaba mvua ya kwanza ikinyesha. Akina mama waliingia na vikombe vyao vya maziwa, wakatandika, na yule niliyewaambia habari zake alilala mchana kutwa, hata kukoroma.

Bwana ardhi alikuja siku hiyo hiyo, viatu vimejaa tope. Alifungua mlango wa mbele, akaufunga, akausukuma kwa bega. Akazunguka kila chumba. Akakiri kwamba nyumba imefungika, na kiwanja hakiendi popote. Kisha akarudi pale mbele, akapitisha kidole kwenye zile mbao za kila rangi, akakunja uso.

"Hizi mbao," alisema, "mmezitoa wapi?"

Akina mama wakageukiana. Mmoja alinong'ona, "Jamani, hata pole ya mvua hatoi, anaanza kutuhoji kama wezi!" Wakamtazama Kidawa waone atakavyoudhika.

Kidawa alikuwa ameshavuta kigoda, anakifuta vumbi kwa kanga yake, uso umemjaa furaha.

"Karibu ukae, baba," alisema. "Nakushukuru sana kwa kuuliza."